Kalenda ya Krismasi ya matofali ya plastiki: milango 24, alama 3 kwa 10

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asome mistari miwili aende zake: usinunue. Ninaipa alama 3 kwa 10, na hizo 3 ni za sanduku lenyewe, ambalo ni gumu, limechapishwa vizuri, na sasa linatunza nyaya zangu za chaja.

Mliobaki, karibuni. Najua mmezoea kunisoma hapa nikilalamikia seva na hifadhidata. Leo ninahakiki kitu cha kuchezea cha mtoto wa miaka saba. Msiondoke lakini, kwa maana ukisoma hadi mwisho utakuta ni mambo yetu yale yale: vipimo, ahadi, na mteja ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Kwanza, kitu chenyewe ni nini?

Majilio ni zile wiki nne hivi kabla ya Krismasi. Waliokulia kanisa la Kikatoliki, la Kilutheri au la Kianglikana wanalijua lile taji la majani lenye mishumaa minne, mmoja ukiwashwa kila Jumapili hadi sikukuu ifike. Kalenda ya Majilio ni mtoto wa desturi hiyo, na kwao ni Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchapishaji mmoja wa Munich, Gerhard Lang, alianza kuuza kalenda za kuchapwa za kuhesabia siku za kungoja Krismasi. Baadaye zikaja zenye vimilango, nyuma ya kila kimlango picha, kisha peremende na chokoleti. Kwa sababu kuchapa tarehe mpya kila mwaka ni gharama, kalenda za madukani haziifuati Jumapili ya kwanza ya Majilio. Zinaanza tarehe 1 Desemba na kuishia tarehe 24. Milango 24, basi.

Watengenezaji wa vitu vya kuchezea wakaona nafasi. LEGO, ile kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 1932, ilitoa kalenda yake ya kwanza ya matofali mwaka 1998, na mwaka 2011 ikaongeza ile ya Star Wars ambayo watu wazima wanainunua wakisingizia watoto. Kila mlango una vipande vichache vya kujenga kitu kidogo. Wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba wazo zuri likifaulu linaigwa na kila mtu, na hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia. Kalenda ninayoihakiki si ya LEGO. Jina la aliyeitengeneza silitaji, na hata ningelitaja lisingekusaidia, kwa sababu mwaka ujao sanduku lile lile litakuja na jina jingine.

Ilivyofika Nakuru

Dadangu anafanya kazi za nyumbani Dubai. Mwanawe, yaani mpwa wangu, anakaa nasi hapa Free Area pamoja na shosho yake. Oktoba 2024 mwenzake dada alikuwa anarudi Molo kwa likizo, akambebesha sanduku. Alilinunua dirhamu 85, ambazo kwa wakati huo zilikuwa kama shilingi 3,000 zetu. Kwa pesa hizo hapa Nakuru unanunua pakiti kumi na tano za unga na chenji unabaki nayo. Ninataja unga kwa sababu mtu anayetuma pesa ya unga kila mwezi akiamua kutuma matofali ya plastiki, jueni amefikiri.

Alichofikiri kilikuwa wazi. Juu ya sanduku alikuwa ameandika kwa kalamu nyeusi: "Moja kila siku. Usifungue mbili." Alitaka kila asubuhi ya Desemba mtoto aamke akute kitu kutoka kwa mama. Siku ishirini na nne mfululizo. Pesa ya M-Pesa haiwezi kufanya hivyo. Inakuja mara moja na inaenda kwa shosho.

Tarehe 1 Desemba, tena, si siku ya kawaida hapa kwetu. Siku hiyo mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mpwa wangu aliposikia hivyo aliamua mwenyewe kwamba sanduku lina matofali ya kujengea jiji. Hakuna aliyembishia.

Ripoti ya siku kwa siku

Siku ya 1. Baba Krismasi, vipande vinne. Kichwa hakishiki. Ukimsimamisha kinainama mbele kama abiria anayesinzia kwenye matatu ya Nairobi. Mtoto alifurahi hata hivyo. Siku ya kwanza kila programu inapendeza.

Siku ya 2. Mti, vipande vitano. Unasimama. Hii ndiyo siku bora ya kalenda nzima, kwa hiyo ikumbukeni.

Siku ya 3. Koleo. Mpwa akauliza, "Anko, hii ni ya kuchanganyia simiti?" Nikamwambia ni ya kuondoa theluji mlangoni. Akatazama nje. Nje kulikuwa na jua la saa nne asubuhi na mbuzi wa jirani.

Siku ya 4. Mtu wa theluji. Maelezo ya jana yakarudiwa.

Siku ya 5. Kiti cha vipande vitatu. Baba Krismasi hawezi kukikalia kwa sababu miguu yake haikunjiki.

Siku ya 6. Kigari cha kuteleza juu ya theluji. Picha inaonyesha vipande saba, ndani mna sita.

Siku ya 7. Koleo. Ndiyo, tena. Rangi ile ile.

Siku ya 8. Taa ya barabarani. Inaanguka. Kwa upande huo inafanana na baadhi ya taa za hapa kwetu, lakini sidhani kama ndilo lilikuwa lengo la mbunifu.

Siku ya 9. Hakufungua. Sanduku lilikaa juu ya kabati hadi jioni, na shosho alipomkumbusha alisema, "Baadaye."

Naomba tusimame hapo, kwa sababu siku ya 9 ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Kuna siri moja ya kitu cha kutolewa kidogo kidogo ambayo sisi waandishi wa programu tunaijua. Zawadi moja mbaya humkatisha mtu tamaa mara moja, kisha anasahau. Zawadi mbaya iliyogawanywa mara 24 inakukatisha tamaa kila asubuhi kwa miadi. Ni kama kutoa toleo jipya kila siku, na kila toleo lina hitilafu. Kufikia wiki ya pili mteja halalamiki tena. Anaacha tu kufungua.

Kule Emirati simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, lakini ujumbe wa sauti unapita. Kwa hiyo kila siku saa nne usiku ya Dubai, ambayo ni saa tatu yetu, dada akishamaliza kuosha vyombo hutuma ujumbe: "Baba, leo umepata nini?" Na mtoto hujibu. Usiku huo wa siku ya 9 nilikuwa mezani na kipakatalishi changu, nikamsikia akibonyeza kitufe na kujibu kwa sauti ya uchangamfu kabisa:

"Leo nimepata gari, mama! Liko sawa sana!"

Ndugu msomaji, hakuna gari katika kalenda ile. Nimetafuta.

Dakika mbili baadaye jibu likaja: "Wacha! Nitumie picha kesho niione."

Kwa nini hayashiki?

Asubuhi ya siku ya 10 mpwa wangu alinijia na mkono umejaa vipande. Alitaka tujenge gari. Tulijaribu nusu saa. Ukibana huku, kule kunafunguka. Ukifika magurudumu, paa linaanguka. Hatimaye akayaweka chini akasema, "Anko, haya hayapendani."

Nilitaka kujua kwa nini hayapendani. Nikachukua mfuko mzima nikaenda nao kwa fundi mmoja wa jua kali anayechonga sehemu za injini za matatu, kwa sababu ana ile rula ya chuma yenye meno mawili, ya kupimia hadi sehemu ndogo za milimita. Alinicheka kwanza, halafu akapima kwa makini kuliko nilivyotarajia.

Haya ndiyo mambo ya kujua. Tofali la LEGO lina vinundu juu na mirija ndani. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8. Kinundu kina upana wa milimita 4.8. Tofali bila kinundu lina kimo cha milimita 9.6, na vile vipande vyembamba vina 3.2, ili vitatu vikipandana vitoe tofali moja kamili. Plastiki yenyewe inaitwa ABS, ngumu lakini inanepa kidogo sana na kurudi. Unapobana, kinundu kinaingia kwa shida kati ya ukuta na mrija, plastiki inanepa kiasi ambacho jicho halioni, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoshika. Kinundu kikiwa kidogo kupita kiasi, tofali linacheza. Kikiwa kikubwa, haliingii, au linaingia na kupasuka. Nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko unene wa unywele.

Matofali ya kalenda yetu, kwa kipimo cha fundi: vinundu vingine 4.7, vingine 4.9, na hayo ni ya tofali moja. Halafu tukapanga kumi kwenda juu. Yalipaswa kufika milimita 96. Yalifika 97 na ushee. Kosa dogo kwenye kipande kimoja si kitu, lakini makosa hujumlishwa. Ukijenga ukuta upande mmja kwa vipande vinene na mwingine kwa vyembamba, paa halitakaa hata uombe.

Fundi akarudisha rula kwenye boksi lake akasema, "Hii ingekuwa injini, ingekunywa oili."

Je, tatizo ni kuiga?

Najua kuna atakayesema: si nilikwambia, vitu feki ni feki. Polepole. Hapo sikubaliani.

Hata LEGO haikubuni tofali la kushikana kutoka hewani. Mwingereza Hilary Fisher Page, mwenye Kiddicraft, alikuwa na matofali ya namna hiyo miaka ya 1940, na LEGO ilipoanza kutengeneza yake mwaka 1949 iliyatazama hayo. Kilichokuwa kipya kwao ni ile mirija ya ndani, ambayo Godtfred Kirk Christiansen aliiombea hataza tarehe 28 Januari 1958. Hataza huisha muda. Zilipokwisha, kampuni ilijaribu kulilinda umbo la tofali kama alama ya biashara. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa mwaka 2005, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ikakataa mwaka 2010. Hoja ni rahisi: umbo linalofanya kazi ya kiufundi haliwezi kumilikiwa milele kwa mlango wa nyuma.

Mimi ninafurahia hukumu hizo. Maana yake ni kwamba tofali ni kiolesura kilicho wazi. Yeyote anaweza kutengeneza, na wapo wanaotengeneza vizuri kwa bei nafuu. Kazi yangu yote ya kila siku inasimama juu ya mambo ya namna hiyo. Intaneti yenyewe isingekuwepo kama kila kampuni ingekuwa na plagi yake.

Lakini kiolesura ni ahadi. Tofali la mwaka 1958 linashikana na lililotoka kiwandani mwaka huu. (Wewe unayenisoma, programu uliyoandika miaka mitatu iliyopita bado inafunguka?) Mtu akichapa kwenye sanduku kwamba vipande vyake vinaendana na vya wengine, ameahidi sehemu ya kumi ya milimita, si picha. Kuiga hakukuwa kosa lao. Kosa lao ni kuiga sura na kuacha kipimo.

Na kuna kosa la pili, la ubunifu. Sanduku liliahidi vipande 190. Sisi tulihesabu 186. Kati ya hivyo, unajua yale matofali ya kawaida ya vinundu nane, mawili kwa manne, ni mangapi? Mawili. Vingine vyote ni makoleo, vichwa, matawi, mikono, vitu ambavyo vina kazi moja tu na kazi yenyewe ni ya nchi ya theluji. Milango 24 ambayo haijumlishiki kuwa kitu chochote. Ni maonyesho 24, bidhaa hakuna.

Gari

Turudi kwenye gari, maana saa tatu usiku ilikuwa inakuja.

Hapa Nakuru, ukishuka kwenye mitumba, kati ya viatu na mabegi kuna watu wanaouza vitu vya watoto vya mitumba: wanasesere wasio na nguo, vipande vya mafumbo, magari yasiyo na betri. Kwa shilingi 350 tulipata mfuko mmoja wa matofali yaliyochanganyika, pamoja na mguu wa mwanasesere na kete moja ya sataranji. Mengi yalikuwa yamechubuka na kupauka. Lakini geuza kinundu kwenye mwanga: jina la kampuni limechapwa juu ya kila kimoja, kidogo sana. Tuliyatenga yenye jina. Yalikuwa thelathini na tano. Sijui yalimlea mtoto gani wa Ulaya, wala ni la mwaka gani. Tuliyaosha kwa sabuni, tukabana mawili. Tik!

Sauti hiyo wasomaji wangu mnaijua. Mpwa wangu hakuwa amewahi kuisikia. Siku tisa alikuwa na matofali na hakuwa amewahi kuisikia.

Magurudumu hayakuwepo. Hilo halikumsumbua hata kidogo. Mtoto wa hapa anajua magurudumu yanatoka kwenye vifuniko vya soda au patipati iliyokatika, kama ilivyokuwa kwa magari yetu ya waya. Kufikia saa mbili na nusu gari lilikuwa tayari: jekundu, la buluu na la manjano, magurudumu ya raba, na lile koleo la siku ya 3 limechomekwa nyuma. Alisema ni lori la simiti. Picha ikatumwa.

Jibu la dada lilikuwa refu, vicheko vitupu. Halafu akanitumia mimi ujumbe wa peke yangu, wa maandishi:

"Hilo gari halikuwa kwa boksi. Picha zote 24 ziko nyuma, niliziona dukani."

Nikamwandikia ukweli wote, koleo mbili na kila kitu. Akakaa kimya muda. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Mwishoni akatuma: "Sawa. Usimwambie najua."

Kesho yake usiku ujumbe kwa mtoto ulikuja saa ile ile. Lakini hakuuliza tena "umepata nini". Aliuliza, "Leo umejenga nini?"

Neno moja tu lilibadilika. Kuanzia siku hiyo mtoto hakuhitaji kudanganya tena. Mlango alikuwa anaufungua, anachukua kama kuna cha maana, kisha anaenda kwenye mfuko wake wa mitumba.

Namba 24

Sasa sehemu yangu ninayoipenda, na ya mwisho kabla ya ushauri.

Chukua matofali mawili ya vinundu nane, ya rangi moja. Unaweza kuyaunganisha kwa namna ngapi tofauti? Usiendelee kusoma, kisia kwanza.

Tuhesabu pamoja. La juu likilala sambamba na la chini, linaweza kusogea nafasi 7 kwa urefu na 3 kwa upana: 21. Likilala kwa kukingama, lina nafasi 5 kwa 5: 25. Jumla 46. Lakini ukilizungusha jengo lote nusu duara, nafasi hizo zinarudiana mbili mbili, isipokuwa mbili ambazo ziko katikati kabisa na hujirudia zenyewe. Kwa hiyo ni 46 jumlisha 2, gawa kwa 2.

Ni 24.

Nilifungua kipakatalishi nikaandika programu fupi ya kuhakikisha, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Ni 24 kweli. Matofali matatu yanatoa namna 1,060. Sita yanatoa 915,103,765. Kwa muda mrefu kampuni yenyewe ilikuwa ikitangaza namba ndogo zaidi, milioni 102 na ushee, hadi mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alipoandika programu ya kuhesabu zote. Ile ya zamani ilihesabu minara ya kimo cha matofali sita tu.

Hebu fikirini. Dirhamu 85, sanduku la milango 24, makoleo mawili. Na matofali mawili mazuri ya vinundu nane, ambayo ungeweza kuyabeba kwenye mfuko wa shati, yana siku 24 ndani yake, moja kila asubuhi, bila kurudia. Babu zetu walilijua hili bila kompyuta. Nenda Hyrax Hill, hapo nje ya jiji, utaona mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba. Ni mashimo tu. Ongeza kokoto na mtu wa kucheza naye, na mchezo hauishi.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba ziko namna 24, nikampa karatasi ya miraba achore kila anayoipata. Kufikia Krismasi alikuwa amepata 19. Zilizobaki hakutaka nimwonyeshe. Amemtumia mama yake picha ya karatasi, na mama yake, huko Dubai, bila tofali hata moja, amepata ya 20 kwa kutumia viberiti viwili alivyovichorea vitone.

Ushauri kwa mnunuzi

Ukitaka kununua kalenda ya aina hii, fanya hivi:

1. Geuza sanduku. Picha ziko nyuma. Hesabu matofali ya kawaida. Yakiwa chini ya robo ya vipande vyote, unanunua mapambo.

2. Kama kuna sampuli iliyofunguliwa dukani, bana matofali mawili, shika la juu, tikisa. La chini likianguka, ondoka.

3. Tafuta kalenda ambayo milango yake inajumlishika: siku ya 24 uwe na nyumba, kituo cha matatu, kitu.

4. Neno "inaendana" kwenye sanduku si kipimo. Beba tofali moja zuri mfukoni ulijaribie.

5. Au jitengenezee. Nunua matofali ya mitumba, chagua yenye jina, yaoshe. Tafuta viberiti 24 vitupu. Tofali la vinundu nane linaingia ndani ya kiberiti, nimejaribu. Weka kipande au viwili kila kimoja, andika namba juu. Gharama yetu haitafika shilingi 600.

Sisi tumeshaanza kukusanya viberiti. Shosho anavyo tisa. Dada ameshatuma maneno 24 ya sauti, kila moja na kitu cha kujenga siku hiyo, na amenikataza kuyasikiliza kabla ya Desemba. Nimesikiliza la kwanza tu, kuhakikisha faili inafunguka. Inafunguka.

Wiki ijayo tunarudi kwenye seva. Ukipata zile namna nne ambazo bado hatujazipata, tafadhali kaa nazo. Kuna mtu hapa Free Area anazitafuta mwenyewe.